Nyumba Sita Zenye Kufuli

Mwanangu, weka kwanza hicho kishikwambi mezani, maana mimi sisemi na mtu anayenitazama kwa jicho moja. Ipo siku naikumbuka hata nikiwa nachambua maharage, siku niliyokaa kwenye kigoda kule Ibaba mbele ya viazi kumi na tano nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Sikupanga kukusimulia leo. Lakini umenikera, na mtu akinikera asubuhi nasema mpaka jioni.

Umeniambia nini ulipokuwa unakunywa chai? "Shangazi, kazi yenyewe ni kubonyeza tu. Nina kaya kumi na tano, Jumatatu naenda, Jumanne nimerudi Tunduma. Asiyekuwepo naweka majibu ya jirani yake, si maisha yao ni yale yale?" Maisha yao ni yale yale! Umesema hivyo huku unatafuna andazi, wala hukuona nilivyoacha kikombe. Haya. Mimi nami niliwahi kuwa na akili hizo hizo, tena nikijisifia nazo, ndiyo maana naongea kwa ukali. Kosa nililolifanya mwenyewe nikiliona kwa mtoto wa kaka yangu linanichoma mara mbili.

Sikiliza basi. Mimi nimezaliwa hapa hapa Tunduma. Baba alilima mahindi, mama alivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na mchele akarudi na vitenge. Nilipomaliza kidato cha nne, mjomba wangu aliyekuwa wakala wa forodha alinichukua nimsaidie kujaza fomu za madereva wa malori, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Malori hayakuwa mengi kama ya sasa, lakini hasira za madereva zilikuwa zile zile. Na mjomba alinifundisha jambo moja kwa kelele kila siku ya Mungu: fomu haiachwi na nafasi wazi. Ukiacha nafasi wazi, ofisa anairudisha, lori linalala, dereva anatukana, mwenye mali anapiga simu. Dereva amesahau jina la mtaa anaoishi kule Ndola? Andika jina lolote la Kizambia. "Jaza, Rhoda, jaza! Hakuna atakayekwenda kuangalia." Na kweli, hakuna aliyekwenda kuangalia. Miaka miwili nilijaza nafasi za watu mpaka mkono ukawa unajaza wenyewe.

Ndipo mradi mmoja wa wafadhili ukaja kutafuta wadadisi. Siku hizo Songwe haijawa mkoa, sote tulikuwa Mbeya. Mradi ulitaka kujua kipato cha kaya za vijijini huku Ileje na Mbozi, na haukutaka kujua mara moja tu. Kila baada ya miaka miwili tulitakiwa kurudi kwenye nyumba zile zile, tuulize maswali yale yale, ili waone kama watu wanapanda, wanashuka, au wamesimama pale pale. Nikaomba, nikachukuliwa. Mjomba alinuna wiki nzima.

Mafunzo tulifanyia Vwawa, siku tatu. Msimamizi wetu alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sweta la kijani ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa. Alitueleza kwamba ofisi haitafuti wastani. "Wastani unadanganya," alisema. "Mwenye malori mawili akihamia kijijini kwenu leo, wastani wa kijiji kizima unaruka juu, na hakuna hata mmoja aliyeongeza sahani ya maharage. Sisi tunapanga kaya zote mstari mmoja, kuanzia yenye kidogo kabisa hadi yenye nyingi kabisa, halafu tunahesabu mpaka ile iliyo katikati kabisa. Tunauliza hiyo ina nini. Hapo ndipo kijiji kilipo." Nililielewa haraka. Nilikuwa na kichwa chepesi, na vichwa vyepesi ndivyo vinavyonitia wasiwasi mpaka leo, chako kikiwemo.

Akatupa na sheria. Ukikuta nyumba imefungwa, rudi mara ya pili. Rudi mara ya tatu. Ukimkosa, uliza amekwenda wapi, na kama anafikika mfuate. Ikishindikana kabisa, weka alama kwenye kisanduku cha "hayupo", andika sababu, maswali mengine yaache wazi. "Usihamie kwa jirani," alisema, akarudia, akatuangalia mmoja mmoja. Unajua mimi niliwaza nini, mwanangu? Niliwaza hawa watu hawajui kazi. Fomu iachwe wazi! Mjomba wangu angewacheka.

Mzunguko wa kwanza tulikwenda mvua za kupandia zilipoanza. Nilipewa kijiji kimoja kata ya Ibaba, kaya kumi na tano, na zote nilizikuta. Wakati wa kupanda nani anatoka kwake? Watu walikuwa shambani hatua chache kutoka nyumbani, tope mpaka magotini, wakaniita nikae kwenye tuta niulize. Na kuuliza kipato, lo! Wewe unadhani ni kubonyeza. Unamuuliza mtu mwezi uliopita aliingiza shilingi ngapi, anakutazama kama umemuuliza amepumua mara ngapi. Hana mshahara yule. Ana debe la mahindi aliloliuza nusu, nusu akalila. Ana kuku aliyempa fundi wa paa. Alilima kwa mtu siku mbili akalipwa maharage. Ana kaka Nakonde aliyemletea kwacha, hakumbuki ni mwezi huo au kabla yake. Unakaa naye, unayavuta mambo moja moja, unaweka bei. Nilifanya hivyo mzunguko ule, na ninajipongeza kwa huo tu.

Kaya namba tisa ilikuwa ya Mama Tusekile. Mumewe alikwenda machimboni Chunya akaishia huko, hata barua hakuandika. Alikuwa na kishamba cha viazi kama uwanja wa kanisa na binti mmoja, huyo Tusekile, wa miaka mitano hivi, mwenye macho makubwa na ugonjwa wa kifafa. Alikuwa akianguka mara kwa mara, mpaka walipomwanzishia dawa. Dawa zilikuja na gari la kliniki. Mradi ule ule uliotuajiri ndio uliolipeleka gari hilo, mara moja kwa mwezi, kwenye vijiji ambavyo kaya ya katikati ilikuwa chini ya kiwango fulani walichokiweka. Kijiji cha Mama Tusekile kilikuwa chini ya kiwango. Gari likaja, daktari akagawa dawa, mtoto akaacha kuanguka. Alipoanza kucheza na wenzake, mama yake aliniambia, alikuwa anasimama mlangoni anamwangalia tu, kazi zimelala.

Nimekueleza hayo taratibu ili usije ukasema hukuelewa. Hesabu yangu ndiyo iliyolileta lile gari.

Miaka miwili ikapita, ukaja mzunguko wa pili, na ofisi ikachelewesha fedha kama kawaida ya ofisi. Badala ya kwenda wakati wa kupanda, tukaenda wakati kahawa imeiva Mbozi. Nadhani wewe hili hulijui, umekulia kwenye lami. Kahawa ikiiva Mbozi, watu wa milimani wasio na kitu cha kuvuna kwao wanakwenda kuchuma ya wenzao. Haendi baba peke yake. Wanakwenda na mke, watoto, sufuria, blanketi, wanafunga mlango, wanarudi kahawa ikiisha. Anayebaki kijijini ni yule mwenye ng'ombe wa kukamua au viazi vya kuchimba, yaani mwenye nafuu.

Nikafika. Nyumba ya kwanza, kufuli. Ya tatu, kufuli. Namba tisa, kufuli, tena jipya. Kwa ujumla, kati ya nyumba zangu kumi na tano, sita zilikuwa zimefungwa. Jirani wa Mama Tusekile, mwanamke mmoja mchangamfu mwenye ng'ombe watatu, aliniambia waziwazi: "Wamekwenda Mbozi kuchuma kahawa. Shamba walilopo nalijua, liko karibu na misheni, ukifika pale Mbozi Mission ukiuliza tu unaonyeshwa." Aliniambia mwanangu! Alinipa mpaka njia. Kisha akanikaribisha viazi na maziwa ya mgando, na mimi nikiwa nakula nikamtazama, nikatazama fomu ya maswali, lile dodoso namba tisa, limebaki jeupe, na mkono ukaanza kuwasha.

Si pesa iliyonituma, tulilipwa kwa siku. Si uvivu peke yake, ingawa baridi ya Ibaba ilikuwa inaniuma masikio. Ni ile nafasi wazi. Sikuweza kuvumilia kuiona. Nikamuuliza yule jirani maswali yote, ng'ombe wangapi, maziwa kiasi gani, viazi magunia mangapi, nikayaandika yote kwenye dodoso la Mama Tusekile. Namba tisa. Kisha nikafanya hivyo hivyo kwa zile nyingine tano. Sikurudi mara ya pili, sikurudi mara ya tatu. Nikarudi Vwawa na karatasi zimejaa kutoka juu hadi chini, na msimamizi wetu mpole akazipekua akasema mbele ya wenzangu, "Mwone Rhoda. Hana hata nafasi moja wazi." Wenzangu waliokuwa na "hayupo" nyingi wakainamisha vichwa. Mimi nikatabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu natamani nijizabe kofi.

Hesabu zikapigwa. Kijiji changu kikatoka na kipato cha katikati kilichopanda, tena kimepanda vizuri, kikavuka kile kiwango. Ofisi ikafurahi. Gari la kliniki likahamishiwa kijiji kingine kilichoonekana kina shida zaidi. Miezi kadhaa baadaye nikapewa heshima, maana waliita heshima, ya kwenda Ibaba kuwasomea wananchi matokeo.

Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Nikasimama na karatasi yangu, nikasoma kwa sauti ya kidato cha nne, kwamba kaya ya katikati ya kijiji hiki imeinuka kimaisha. Halafu mzee mmoja nyuma akauliza, "Huyo wa katikati ni nani? Mleteni hapa tumkope!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nami nikacheka, mjinga mimi. Mtu mmoja tu hakucheka, Mzee Ambakisye, mwenyekiti wa kitongoji, mkulima wa viazi ambaye mzunguko wa kwanza alinitembeza nyumba kwa nyumba. Watu walipotawanyika akanisogelea, akasema, "Njoo nyumbani ule, umetoka mbali."

Nilikwenda nikitegemea ugali. Alinipa kigoda, akaingia ndani, akatoka na kapu la viazi. Akapiga magoti, uzee wake wote ule, akaanza kuvipanga chini mstari mmoja, kuanzia kidogo kama punje ya karanga hadi kikubwa kama ngumi. Kumi na tano.

"Hesabu," akaniambia. "Nionyeshe cha katikati."

Nikahesabu saba kutoka huku, saba kutoka kule, nikagusa cha nane.

"Haya. Ulipokuja mara ya pili kahawa ilikuwa imeiva Mbozi, au sivyo?"

"Ilikuwa imeiva, mzee."

"Ulimkuta Mama Tusekile?"

Nikatikisa kichwa. Akaondoa kiazi kidogo. Akanitajia na mwingine, nikatikisa kichwa, akaondoa na cha pili. Alinitajia wote sita, mwanangu, bila karatasi. Kila nikitikisa kichwa mkono wake unakwenda chini, kiazi kidogo kinarudi kapuni. Alipomaliza, akachagua kapuni vingine sita, vya kati na vikubwa, akavichomeka mahali pake mstarini kwa ukubwa wake.

"Hesabu tena."

Nikahesabu. Cha nane sasa kilikuwa kiazi kinene, cha kuuzia.

"Umeona? Cha katikati kimekuwa kikubwa. Sasa nionyeshe kiazi kilichokua."

Nikaanza kujitetea. Nikasema nilikuwa peke yangu, nikasema siku zilikuwa chache, nikasema fomu haitakiwi kuwa wazi. Hapo ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti, alisimama tu akipukuta magoti, akaniambia maneno ambayo naweza kuyarudia hata ukiniamsha usingizini.

"Binti, wewe si mvivu, ningekuelewa ungekuwa mvivu. Wewe huwezi kukubali kwamba kuna kitu hukijui. Mtu hayupo, sema hayupo. Kutokuwepo kwake ndiyo habari yenyewe! Mtu anafunga mlango anakwenda kuchuma kahawa ya mwenzake na mtoto mgonjwa mgongoni, umeshajua kipato chake hata kabla hujamuuliza. Kufuli lile lilikuwa linakwambia yote. Wewe ukaliandika ng'ombe watatu." Kisha akachukua kofia yake. "Simama. Twende ukamsalimie mwenye nyumba."

Nilitaka kumwambia nimechelewa gari. Aliniangalia, nikasimama.

Mama Tusekile alikuwa amerudi, anapepeta unga. Alifurahi kuniona, ndilo lililoniua. Akaniwekea mkeka, akaniuliza habari za mama yangu, habari za Tunduma. Kisha akamwita binti yake aje kuamkia. Tusekile akatoka jikoni polepole, akaniambia "Shikamoo" akiwa amenipa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko, na vidole vilivyochomoza mwishoni vilikuwa vimeshikana.

Gari halikuja mwezi wa kwanza, wakadhani limeharibika. Halikuja wa pili. Dawa zikaisha. Hospitali ilikuwa mbali na hakukuwa na nauli, na Mama Tusekile alikuwa anajikusanya aende. Siku hiyo alikwenda kisimani, hakukawia, mtoto akabaki jikoni anachochea moto wa uji. Akaanguka. Mkono ukaingia kwenye mafiga. Mama yake alisikia harufu kabla hajafika mlangoni.

Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, anapepeta. Halafu akasema, "Wametwambia gari limehamishwa kwa sababu sisi tumepata. Rhoda, mwanangu, wewe umesoma. Hebu niulizie huko ofisini, nimepata nini? Maana nimekitafuta ndani humu sikioni."

Mzee Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni, amegeuka pembeni. Hakunisaidia. Nikamwambia Mama Tusekile. Nilimwambia yote, kufuli, jirani, ng'ombe watatu, namba tisa. Nililia, ndiyo, nililia sana, na nilivyokuwa mtoto nilidhani kulia kwangu kutamfariji. Yeye akaweka ungo chini. Akauliza jambo moja tu.

"Mbona hukuja? Tulikuwa Mbozi. Tulijulikana tulipo."

Hakunitukana wala hakunifukuza, na chai alinipa.

Sasa usidhani hadithi inaishia hapo na mimi nimetubu mambo yakanyooka. Hapo ndipo ilipoanza karaha yenyewe. Nilikwenda ofisini kesho yake, nikamwambia msimamizi kwamba madodoso sita nimeyatunga. Yule mtu mpole alivuta mikono ya sweta lake. Kisha akasema taarifa imeshachapwa. Imeshachapwa! Nikauliza kwani haichapwi tena? Akasema imeshapelekwa kwa wafadhili. Nikasema basi waandikieni. Akaniambia, "Rhoda, unataka tuwaambie tulikusifia mbele ya watu?" Nikaandika barua mwenyewe, nikataja namba zote sita. Ofisa niliyempa pale ofisini aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye droo. Wiki mbili baadaye nikaambiwa nisije tena kazini. Kwa kujaza uongo sikufukuzwa, nilifukuzwa kwa kusema nimejaza. Hebu nieleze wewe, hiyo akili ni ya wapi?

Nikarudi kwa mjomba. Na kila mwezi, mwanangu, nilichukua kadi ya kliniki ya Tusekile, nikapokea dawa zake hospitalini, nikapanda gari la mizigo kutoka Mpemba kwenda Isongole, barabara wakati huo ni vumbi tupu, kisha nikapandisha mlima kwa miguu. Sikusema nakwenda kufanya wema. Nilikuwa nakwenda kwenye nyumba ambayo nilipaswa kurudi mara tatu, na nilirudi mara nyingi kuliko tatu mpaka mzunguko uliofuata.

Mzunguko huo alikwenda mdadisi mwingine, kijana mmoja mzito wa kuongea, ambaye wenzake walimcheka kwa uchelewaji wake. Alikuta kufuli, akauliza, akapanda gari mpaka Mbozi, akaingia kwenye mashamba akawakuta watu wangu wote sita kwenye mibuni, akawauliza pale pale na ndoo zao shingoni. Hesabu ikatoka kweli. Na ikitoka kweli baada ya uongo inaonekanaje? Inaonekana kijiji kimeanguka! Wakaja wataalamu kwa magari mawili, wakaitisha mkutano, wakauliza ni ukame gani uliowapata, ni mdudu gani aliyekula viazi, nini kimewafukarisha kwa miaka miwili. Watu wakatazamana. Mzee Ambakisye akawajibu, "Hapa hajaanguka mtu. Sisi tupo pale pale tulipokuwa. Aliyepanda na kushuka ni karatasi yenu." Walimwandika, sijui kama walimwelewa. Gari la kliniki likarudi, ila mkono wa mtoto haukurudi.

Tusekile leo ni mama mtu mzima. Anaishi kijiji kile kile, ana nyumba yake na watoto wake, anatumia dawa na haanguki. Analima kwa mkono wa kushoto, na msimu wa kahawa anakwenda Mbozi kuchuma kama mama yake alivyokwenda, kwa mkono mmoja, analipwa nusu ya wenzake. Nikiwa na uwezo huenda kumwona. Mwaka jana nilimkuta nyumbani katikati ya msimu, amekaa kwenye ngazi ya mlango, wenzake wote wameshaondoka. Nikadhani anaumwa. Akaniambia hapana, amesikia wadadisi wanakuja, hawajasema siku. Alikuwa amekaa hapo siku ya nne. Siku nne bila kibarua, na watoto ndani, kwa sababu anaogopa wakikuta kufuli wataandika la jirani.

Na jina lake limo kwenye hicho kishikwambi chako, mwanangu. Ulipokuwa unajisifia asubuhi niliipitia orodha yako, nikalisoma. Kahawa imeiva. Usiniulize kama nina hakika ni yeye, nenda ukaone.

Kwa hiyo nasaha yangu si ndefu, na sitaki unijibu. Usimwandikie mtu maisha ambayo hukumkuta nayo. Ukikuta mlango umefungwa, rudi. Ukikuta umefungwa tena, rudi, hata kama wenzako wameshapanda bodaboda wanakucheka. Uliza amekwenda wapi, mfuate, na usipompata andika hayupo, useme kwa nini, ukubali kuonekana hujamaliza kazi. Ukija kukosea, na utakosea, liseme siku hiyo hiyo kabla halijachapwa. Na ukienda mwaka huu wakati wa kuchuma na mwaka ule wakati wa kupanda, wakumbushe mabosi wako kwamba hawalinganishi vitu vinavyolingana, hata kama watakununia.

Mungu akupe miguu isiyochoka kurudi, na akupe aibu ya kutosha, maana mimi ilinifikia nimechelewa. Baba wa yatima na wajane akutangulie mlimani, akurudishe salama na karatasi zako zikiwa na nafasi wazi zote zinazostahili kuwa wazi. Sasa ondoka. Kama namjua Tusekile, yupo mlangoni kwake tangu jana, na kila siku unayochelewa anakosa kibarua.